Jumla isiyokuwepo haiwezi kupewa herufi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu chemsha bongo iliyotoka katika ukurasa wenu wa vijana, iliyodai kuthibitisha kwamba ukijumlisha 1 + 2 + 3 + 4 na kuendelea bila kukoma, jibu lake ni hasi moja ya kumi na mbili, yaani −1/12. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa kidato cha tano na cha sita hapa Mbeya. Tangu ukurasa ule utoke, wanafunzi wangu wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati wamekuwa wakiuleta darasani wakiwa wameukunja ndani ya daftari, wengine wakiushangilia, wengine wakiwa na wasiwasi wa kweli kwamba huenda kila walichofundishwa kuhusu kujumlisha ni uongo. Naandika hasa kwa ajili ya hao wenye wasiwasi, kwa sababu wasiwasi wao una msingi, na kwa sababu kosa lililomo katika uthibitisho ule linaweza kuonyeshwa kwa mtu yeyote anayejua kujumlisha na kutoa.

Niurudie kwanza uthibitisho wenyewe, maana si kila msomaji aliuona. Mwandishi alianza na A = 1 − 1 + 1 − 1 + 1 − ..., akasema kwamba ukitoa A kutoka kwenye 1 unabaki na A ileile, kwa hiyo 1 − A = A, na A ni nusu. Kisha akaja na B = 1 − 2 + 3 − 4 + ..., akaiandika mara mbili, ile ya pili akiisogeza hatua moja kulia, akajumlisha namba zilizokaa juu na chini, akapata A. Kwa hiyo 2B ni nusu, na B ni robo. Mwishowe akaipa jumla ya 1 + 2 + 3 + 4 + ... herufi C, akatoa B kutoka kwenye C, akapata 4 + 8 + 12 + ..., ambayo ni 4C. Basi C − 1/4 = 4C, na kutoka hapo C = −1/12.

Mtu akisoma haraka haoni kasoro, na ndiyo maana vijana wengi wameupokea. Kila hatua inafanana na zile tunazozifanya kila siku katika aljebra. Lakini tuangalie ni ruhusa zipi mwandishi alijipa. Alijipa ruhusa ya kusogeza mfululizo mzima hatua moja kulia bila jumla yake kubadilika, na alijipa ruhusa ya kutoa mfululizo mmoja kutoka kwa mwingine, namba ya chini kutoka kwa namba ya juu. Basi nami nizitumie ruhusa hizo mbili tu, bila kuongeza nyingine, juu ya C yake mwenyewe:

1 + 2 + 3 + 4 + 5 + ...
0 + 1 + 2 + 3 + 4 + ...

Mstari wa pili ni C iliyosogezwa hatua moja. Ukitoa wa chini kutoka kwa wa juu unapata 1 + 1 + 1 + 1 + ..., na kwa kuwa umetoa C kutoka kwenye C, jumla hiyo lazima iwe sifuri. Iite D. Sasa andika D, na chini yake D hiyohiyo iliyosogezwa hatua moja:

1 + 1 + 1 + 1 + ...
0 + 1 + 1 + 1 + ...

Ukitoa, kinachobaki ni 1 + 0 + 0 + 0 + ..., ambayo ni 1 bila ubishi wowote. Lakini umetoa D kutoka kwenye D, kwa hiyo jibu ni sifuri. Tumethibitisha, kwa ruhusa zilezile za mwandishi, kwamba moja ni sawa na sifuri. Njia inayoweza kutoa −1/12 na ikatoa pia 1 = 0 haijathibitisha chochote, hata kama mojawapo ya majibu yake lina heshima mahali pengine, jambo ambalo nitalifikia.

Kosa halipo katika hatua ya tatu wala ya nne, bali katika mstari wa kwanza kabisa, pale mwandishi alipoandika herufi A. Unapoupa mfululizo usiokoma herufi na kuanza kuihamisha herufi hiyo huku na huku ya alama ya sawa, umekwisha kudai kwamba kuna namba moja mahsusi ambayo herufi hiyo inaisimamia. Sheria za aljebra ni sheria za namba. Kama namba haipo, sheria hazina kitu cha kushika, na lolote linaweza kutokea, kama lilivyotokea hapo juu.

Namba hiyo inapatikanaje basi, ikiwa hakuna mtu anayeweza kujumlisha bila kukoma? Jibu lililokubalika, ambalo Mfaransa Cauchy aliliweka wazi katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1821, ni kuangalia jumla za njiani: jumla baada ya namba moja, baada ya mbili, baada ya tatu, na kuendelea. Zikisogelea namba moja na kubaki karibu nayo kadiri unavyotaka, hiyo ndiyo jumla ya mfululizo. Chukua 1/2 + 1/4 + 1/8 + 1/16 + ...; jumla za njiani ni 1/2, 3/4, 7/8, 15/16, na kila mara umebakiza pengo ambalo ni nusu ya pengo lililotangulia. Jumla ipo, nayo ni 1. Jumla za njiani za A ni 1, 0, 1, 0, zikirukaruka milele. Za B ni 1, −1, 2, −2, 3, −3, zikitanuka pande zote mbili. Za C ni 1, 3, 6, 10, 15, zikipaa. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu yenye mahali pa kutulia.

Hapa naomba niseme jambo kuhusu madarasa yetu, maana mwandishi wa ukurasa ule si peke yake. Mwanafunzi anakariri kwamba jumla ya mfululizo wa jiometri usiokoma ni a/(1 − r), ambapo a ni namba ya kwanza na r ni kile ambacho kila namba huzidishwa nacho kupata inayofuata, analiandika katika karatasi ya mtihani, na anapata alama. Sharti kwamba r lazima iwe kati ya −1 na 1 limeandikwa pembeni, na pembeni ndiko linakobaki. Mwanafunzi huyo ukimpa 1 + 2 + 4 + 8 + ... atakuandikia bila kusita kwamba jumla yake ni −1, kwa kuwa a ni 1 na r ni 2. Nimeona jambo hilo kwa vijana wenye akili nzuri kabisa. Hawakukosa akili. Hawajawahi kuonyeshwa kanuni hiyo ikivunjika mbele ya macho yao, na mtu huliheshimu sharti baada ya kuona madhara ya kulivunja.

Wala isidhaniwe kwamba inatosha namba zinazojumlishwa ziwe zinapungua. Mfululizo wa 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + ... una namba zinazopungua kuelekea sifuri, lakini hauna jumla. Mwanazuoni Mfaransa Oresme alilionyesha hilo katika karne ya 14 kwa kuzikusanya mafungu mafungu: 1/3 na 1/4 kwa pamoja zinazidi nusu, 1/5 hadi 1/8 zinazidi nusu, 1/9 hadi 1/16 vilevile, na nusu zisizokoma zikijumlishwa hupita namba yoyote utakayoitaja.

Watetezi wa ukurasa ule wameniambia kwamba hata Euler, yule mwanahisabati mkubwa wa karne ya 18, alikuwa akicheza na mifululizo kwa ujasiri namna hiyo. Ni kweli, na ni vizuri wanafunzi wajue. Swali la kutafuta jumla ya 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 + ..., yaani sehemu za moja chini ya namba za mraba, liliulizwa na Mwitaliano Mengoli mwaka 1650, likawashinda watu wakubwa, hadi Euler alipopata mwaka 1734 kwamba ni pai mraba gawanya kwa sita. Njia yake ilikuwa kulichukulia sine kana kwamba ni polinomia, yaani jumla ya vipeo vya x, yenye digrii isiyo na mwisho, kisha kulinganisha namba zilizosimama mbele ya x mraba. Wapo waliomhoji kama njia hiyo ni halali, na walikuwa na haki. Lakini kabla ya hapo Euler alikuwa amekwisha kuikokotoa jumla hiyo kwa mkono na kupata 1.644934, na pai mraba gawanya kwa sita ni namba hiyohiyo. Isitoshe, baada ya kuhojiwa alirudi na kutafuta uthibitisho mwingine. Anayetaka kuwa na ujasiri wa Euler na awe pia na subira yake ya kukokotoa. Jaribu kukokotoa 1 + 2 + 3 + 4 uone kama utakaribia −1/12.

Nisingependa msomaji abaki akidhani kwamba kuhamisha mifululizo isiyokoma ni mchezo uliokatazwa. Ni kazi yenye uzuri mkubwa, na yenye ruhusa zake. Nitoe mfano mmoja ambao kila mwaka naufundisha, ingawa haumo katika mitihani. Chora jedwali lisilo na mwisho upande wa kulia wala chini. Katika mstari wa kwanza andika 1/4, 1/8, 1/16, 1/32, yaani moja chini ya 2 iliyopandishwa kipeo cha pili, cha tatu, cha nne na kuendelea. Mstari wa pili uwe wa 3: 1/9, 1/27, 1/81. Mstari wa tatu wa 4: 1/16, 1/64, 1/256. Endelea hivyo kwa kila namba nzima.

Jumlisha sasa kwa mistari. Kila mstari ni mfululizo wa jiometri wenye r ndogo kuliko moja, kwa hiyo kanuni yetu inafanya kazi: mstari wa 2 unatoa 1/2, wa 3 unatoa 1/6, wa 4 unatoa 1/12, wa 5 unatoa 1/20. Hizo ni 1/(1×2), 1/(2×3), 1/(3×4), 1/(4×5), na kila moja inaweza kuandikwa kama tofauti: 1 − 1/2, 1/2 − 1/3, 1/3 − 1/4, 1/4 − 1/5. Kila namba inayotolewa inarudishwa mara moja na inayofuata, na jumla ya njiani baada ya mistari N ni 1 − 1/(N + 1). Jumla ya jedwali lote kwa mistari ni 1 kamili.

Sasa jumlisha kwa safu, kutoka juu kwenda chini. Safu ya kwanza ni 1/4 + 1/9 + 1/16 + ..., yaani ile jumla ya Euler ikiwa imeondolewa 1, takriban 0.6449. Safu ya pili, ya vipeo vya tatu, ni takriban 0.2021, ya tatu ni 0.0823, ya nne 0.0369, ya tano 0.0173. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoonekana kuwa na uhusiano na namba nzima. Zijumlishe hizo tano na utapata 0.9835, na ukiendelea utaona zinapanda kuelekea 1. Kwa hiyo tumepata usawa ambao mtu asingeukisia: jumla zote za vipeo vya pili, vya tatu, vya nne na kuendelea, kila moja ikiwa imeondolewa 1, zikikusanywa pamoja zinatoa 1 kamili.

Ni nini kilichoturuhusu kugeuza kutoka mistari kwenda safu? Ni kwamba namba zote katika jedwali ni chanya. Mwenye ghala la mpunga kule Igurusi hupata idadi ileile ya magunia akihesabu kwa mistari au kwa safu, lakini ghala lina mwisho na jedwali letu halina, kwa hiyo hoja inahitaji hatua moja zaidi. Kata kipande chochote chenye mwisho kutoka kwenye jedwali. Kwa kuwa hakuna hasi, jumla ya kipande hicho haiwezi kuzidi jumla ya mistari, ambayo ni 1. Jumla ya safu husogelewa na vipande vya namna hiyo, kwa hiyo nayo haiwezi kuzidi 1. Geuza hoja hiyo, uanze na safu, na utapata kwamba jumla ya mistari haiwezi kuzidi jumla ya safu. Namba mbili ambazo hakuna inayoizidi nyingine ni namba moja. Uthibitisho umekamilika, na hakuna herufi iliyoandikwa kabla ya kujua kwamba namba yake ipo.

Jedwali hilohilo lina zawadi nyingine. Orodhesha namba zote ambazo ni vipeo kamili, yaani namba nzima iliyopandishwa kipeo cha pili au zaidi, bila kurudia: 4, 8, 9, 16, 25, 27, 32, 36. Ondoa 1 kutoka kwa kila moja, kisha jumlisha 1/3 + 1/7 + 1/8 + 1/15 + 1/24 + 1/26 + 1/31 + 1/35 na kuendelea. Jibu ni 1 tena. Euler aliliandika katika makala yake ya mwaka 1737, akitaja kwamba amelipata kwa mwanahisabati mwenzake Goldbach, na uthibitisho wake ulianza na 1 + 1/2 + 1/3 + ..., mfululizo ambao tumeona hauna jumla. Jibu lilikuwa sahihi, njia ilikuwa na ufa, na ufa huo unazibwa na jedwali letu. Maana 1/3 ni 1/4 + 1/16 + 1/64 + ..., na 1/7 ni 1/8 + 1/64 + ..., na ukizipanua zote namna hiyo unapata namba zilezile za jedwali, kila moja ikitokea mara zilezile. Mwenye shaka achukue 1/64: katika jedwali imo mara tatu, kama kipeo cha sita cha 2, cha tatu cha 4 na cha pili cha 8; na katika upanuzi wa Goldbach imo mara tatu pia, kutoka kwa 4, kwa 8, na kwa 64 yenyewe.

Alama ya kutoa inapoingia, tahadhari inaongezeka. Mfululizo wa 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 + ... una jumla, logi asilia ya 2, takriban 0.6931. Lakini zipange upya namba hizohizo, bila kuacha hata moja, chanya moja kwa hasi mbili: 1 − 1/2 − 1/4 + 1/3 − 1/6 − 1/8 + ... Unganisha 1 na −1/2 upate 1/2, 1/3 na −1/6 upate 1/6, na kinachobaki ni 1/2 − 1/4 + 1/6 − 1/8 + ..., nusu kamili ya mfululizo wa mwanzo. Namba ni zilezile, mpango tu umebadilika, na jumla imeshuka hadi 0.3466. Mjerumani Dirichlet aliliona jambo hili mwaka 1837, na Mjerumani mwenzake Riemann baadaye akathibitisha kwamba mfululizo wa aina hiyo unaweza kupangwa upya ukatoa namba yoyote unayoitaka. Kupanga upya kunaruhusiwa bila hofu pale ambapo mfululizo unabaki na jumla hata baada ya kugeuza kila hasi kuwa chanya. Huu haubaki nayo. Ukigeuza unarudi kwenye mfululizo wa Oresme.

Na ile −1/12? Nilisema ina heshima mahali pengine. Ipo fomula inayochukua namba s na kutoa jumla ya moja chini ya kila namba nzima iliyopandishwa kipeo s, na jumla hiyo ipo pale s inapozidi 1. Riemann alionyesha mwaka 1859 kwamba fomula hiyo inaweza kupanuliwa, kwa namna moja tu iliyo laini, ifike hata mahali ambapo jumla yenyewe haipo, na thamani yake pale s ilipo −1 ni −1/12. Mwanahisabati Mhindi Ramanujan naye, katika barua yake kwa Mwingereza Hardy ya mwaka 1913, aliandika usawa huo, akieleza kwamba ni kwa mujibu wa nadharia yake. Hayo ni mambo ya kweli na ya maana. Lakini thamani ya fomula iliyopanuliwa ni kitu kimoja, na jumla ya 1 + 2 + 3 + 4 ni kitu kingine, na ukurasa wenu uliwaambia vijana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa hiyo namwomba mhariri wa ukurasa wa vijana achapishe sahihisho lenye ile mistari minne inayofika 1 = 0, ili aliyeukata ukurasa wa kwanza aweke na wa pili. Walimu wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, na hasa vijana wanaotoka chuo cha elimu cha Mkwawa kuja mashuleni kwa mafunzo kwa vitendo, nawaomba watenge kipindi kimoja cha kuivunja kanuni ya a/(1 − r) ubaoni kabla ya kuitumia. Na kama safu ya chemsha bongo inahitaji mfululizo wa kuwapa wasomaji wake wa Tukuyu, Njombe na Iringa, napendekeza huu: 1/3 + 1/8 + 1/15 + 1/24 + 1/35 + ..., ambapo kila namba ya chini ni mraba uliopunguzwa moja. Jumla yake ni robo tatu. Mshindi awe yule atakayetuma jumla ya njiani baada ya namba N, na kuonyesha kutoka kwayo kwa nini ni robo tatu.

Ndimi,
Mwalimu wa Hisabati,
Mbeya